Grupu Ndani ya Sakristia

Kwetu Likasi neno grupu lina kazi mbili. Grupu ni watu wanaokusanyika kuomba au kuimba. Grupu pia ni ile mashine ya kutoa umeme, inayokunywa esansi, yaani petroli, na kupiga kelele mpaka kuku wanakimbia. Kiongozi wa korali yetu, ambaye sote tunamwita Papa Prezida, hajaweza kutofautisha hizo mbili tangu mashine ilipoingia mikononi mwake. Sisi anatupakia kama magunia. Mashine anaifunika blanketi kama mwanamke aliyejifungua jana.

Naandika haya kwa sababu mdomoni hayatoki. Mimi ni wa mwisho kwenye mstari wa alto, nina miaka kumi na sita, na ndani ya korali sijawahi kusema sentensi nzima peke yangu. Wakiniuliza jambo, nacheka. Wakiniuliza tena, naangalia viatu. Lakini macho ninayo, na niliyoyaona siku mbili zile nitayaandika yote, pamoja na yangu, ambayo nayo si mazuri.

Mashine yenyewe tuliipata baada ya zile siku watu walipopora maduka. Mwaka ule vitu vingi vya mji huu vilihama nyumba bila kuaga. Papa Prezida aliileta parokiani juu ya kigari cha kusukuma, akasema ni zawadi ya Mungu. Hakuna aliyeuliza Mungu naye aliitoa kwa nani. Tuliimba, tukapiga makofi, akina mama wakaipigia vigelegele, na mashine ikakaa katikati yetu imetoa ulimi wake wa kamba.

Tangu siku hiyo Papa Prezida akawa fundi. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa karani wa kugonga mihuri, sasa anatembea na bisibisi mfukoni mwa shati, mahali pa kalamu. Akisimama mbele ya grupu anakunja midomo, anainamia, anagusa kitu kimoja kwa kidole, kisha anasema, “Mm.” Hiyo “mm” ndiyo elimu yake yote.

Baba yangu ndiye fundi. Amefanya umeme kwenye karakana za migodi kule Panda tangu kabla sijazaliwa. Sasa karakana zimenyamaza, lakini kila asubuhi anavaa kofia yake ya kazi, anaenda, anakaa na wenzake mbele ya mashine zisizozunguka, wanazungumza, jioni anarudi. Aliposikia kwamba korali inataka kusafiri na grupu, alipita parokiani kuiangalia. Hakusema “mm”. Alifungua kifuniko cha tanki, akakinusa, akakitikisa. Akashika bomba la moshi, likacheza.

“Hii kifuniko haifunge muzuri,” akasema. “Mukiibeba na esansi ndani, itamwaika mu kamiyo. Muntu mumoja anawasha sigara, munaungua bote.”

“Papa, hii ni ya Japone,” Papa Prezida akajibu. “Ya Japone haimwaike.”

“Na mu Japone banaifunga na kamba ya viatu?”

Maana bomba la moshi lilikuwa limefungwa kwa kamba ya kiatu. Watu wawili walicheka, na hilo ndilo kosa la baba. Papa Prezida alinyooka.

“Karakana yenu kule Panda ilikufa mikononi mwenu, sasa unakuya kutafuta ingine ya kuua huku?”

Baada ya hapo wote walicheka. Baba aliweka kifuniko mahali pake, akafuta vidole, akaenda. Jina lake halikuwekwa kwenye orodha ya safari.

Lakini sisi tulikuwa kwenye orodha, mimi na dada yangu mkubwa, yaya wangu. Yaya ndiye aliyekuwa na sauti nzuri kuliko zote katika korali, na pia ulimi, ulimi wa kututosha wawili. Nyumbani watu wakitaka kujua ninachofikiri wanamuuliza yeye. Alikuwa amejifungua miezi miwili iliyopita, na mtoto wake analilia kila kitu: analilia baridi, analilia joto, analilia ziwa likichelewa na analilia ziwa likija. Sikumpenda sana yule mtoto. Naandika ukweli.

Asubuhi ya Jumamosi, kabla hatujatoka nyumbani, baba aliniita. Alikuwa amechana karatasi ya mfuko wa saruji na kuandika kwa zile herufi zake kubwa za kazi, kama za kwenye mabango ya hatari. Kutoa esansi yote mbele ya kupakia. Esansi isafiri mu bidoni yenye kufunga, mbali na bantu. Grupu isimame wima, ifungwe. Isiongezwe esansi ikiwa bado moto. Chini kabisa, mistari miwili ya mwisho: Isiwashwe mu nyumba hata dakika moja. Ikae inje, na bomba iangalie kule upepo inaenda.

“Utamusomea Prezida,” baba akasema. “Mbele ya kupakia. Minye hatanisikia. Weye hana kisa na weye.”

“Ndiyo, baba.”

Niliikunja, nikaiweka ndani ya kitabu changu cha nyimbo.

Safari yetu Papa Prezida aliipa jina la Karavani ya Injili. Karavani! Ilikuwa lori moja, kamiyo iliyokodiwa kwa muuza samaki, harufu ya samaki bado imelala kwenye mbao, na turubai lenye matundu juu yetu. Tulikuwa tunakwenda kuimba misa ya sikukuu katika kanisa dogo la kijiji kimoja upande wa Koni, ng'ambo ya mto Lufira. Kijiji hicho nyaya kubwa za umeme zinapita juu ya vichwa vyao mchana na usiku, zinanguruma kama nyuki, zinapeleka umeme mbali, na wao wanawasha vibatari. Kwa hiyo sisi, watu wa mjini, tulikuwa tunawapelekea umeme watu wanaoishi chini ya umeme. Hakuna aliyeona kichekesho hapo isipokuwa yaya, na alikuwa na kazi ya kumbembeleza mtoto.

Walipoanza kupakia, nilisogea. Nilikuwa na kitabu kifuani na karatasi ndani yake. Nilijiambia: sasa. Nilijiambia tena. Papa Prezida alikuwa ananyooshea watu bisibisi, huyu huku, yule kule.

“Papa Prezida,” nikasema.

Aligeuka. Wote waligeuka. Sikujua kwamba uwanja wa parokia unaweza kunyamaza upesi hivyo.

“Nini, mutoto? Unataka kukojoa?”

Walicheka mpaka dereva akatoa kichwa nje kuona kuna nini. Mimi pia nilicheka, ndivyo ninavyofanya. Mtu mmoja wa besi akasema, “Mumupishe, mumupishe, iko mbali kwenda!” Basi nilikwenda nyuma ya kamiyo kama mtu aliyekuwa anataka kukojoa kweli, nikasimama huko kidogo, nikarudi. Karatasi ilibaki kitabuni. Grupu ilikuwa imekwisha kupakiwa, tanki limejaa, imelazwa ubavu juu ya magunia ya mihogo, na blanketi juu yake ili maaskari wasiione.

Kila tuta esansi ilitoka kwenye kile kifuniko cha mashine ambayo “haimwaike”. Iliingia kwenye mihogo. Ilifika kwenye kanga ya mama mmoja, naye akadhani mtoto wa yaya amemkojolea. Mtu mmoja wa tenori akatoa sigara.

“Weye!” yaya akamwambia. “Ukiwasha ile sigara minye nakutupa mu barabara na viatu byako.”

“Yaya, minye nataka kuvuta kidogo tu.”

“Vuta pumuzi. Haiko na moto.”

Aliirudisha mfukoni. Hivyo tulifika wazima, na Papa Prezida akasema hiyo ni baraka ya karavani.

Kabla ya kufika kulikuwa na barieri, gogo moja juu ya mapipa mawili na maaskari watatu waliokonda. Mmoja aliangalia ndani ya turubai.

“Muko grupu?” akauliza.

Papa Prezida alilowa jasho palepale. Alishuka, akapanua mikono.

“Ndiyo, shefu! Siye njo grupu! Grupu ya Bwana! Muimbe, muimbe!”

Tuliimba. Askari alisikiliza ubeti mmoja, akajikuna shingo, akainua gogo. Kilometa nzima baadaye Papa Prezida alikuwa bado anajisifu.

“Munaona akili? Ananiuliza grupu, minye namuonyesha grupu! Lakini basikie kelele yake kesho, hapa kwa hapa banakuya kuibeba. Basoda ni basoda.”

Kila mtu alikubali kwamba ni akili. Mimi niliwaza: labda aliuliza tu kama sisi ni grupu. Lakini nani ananiuliza ninachowaza.

Jumapili asubuhi waliweka grupu nje, nyuma ya kanisa. Hapo sitawasingizia, waliiweka nje. Waya mrefu uliingia kupitia mlango wa sakristia, ukapita chini ya miguu yangu, ukafika kwenye kinanda na kipaza sauti. Papa Prezida alivuta kamba mara tisa huku anaikemea kwa Kifaransa. Mara ya kumi ikawaka. Vigelegele. Kisha, padri akiwa anavaa, mvua ikaja, ile mvua yetu inayokuja ubavuni, si kutoka juu.

“Muiingize!” Papa Prezida akapiga kelele. “Muiingize mu sakristia! Italowa!”

Wakaibeba inawaka, watu wanne, mmoja akaungua mkono kwenye bomba. Sakristia ni chumba cha kutosha kitanda kimoja na kabati. Kina kidirisha kama mdomo wa ndoo. Padri alikwisha kutoka mle, anapanga maandamano na watoto wa altare upande wa mlango mkubwa.

“Banasikia kule barieri,” Papa Prezida akasema. “Muzibe kile kidirisha. Muifunike blanketi.”

Wakaziba kwa kartoni. Wakaifunika blanketi, mashine inayowaka, ya moto. Kelele ikapungua, ikawa kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Papa Prezida akaitikia kwa kichwa, amefurahi. Kisha akamwona yaya, anayetafuta mahali pakavu, maana paa la kanisa lilikuwa linavuja juu ya kila mtu kwa usawa.

“Weye hauimbe leo, sauti yako haijarudi. Ingia mule na mutoto, ulinde grupu. Mule ni pakavu.”

“Na moshi?”

“Moshi inafukuza mbu. Ni muzuri kwa mutoto.”

Yaya aliniangalia. Alikuwa amechoka, mtoto hakulala usiku. Aliingia. Papa Prezida akasukuma mlango mpaka ukafunga juu ya waya, akaenda kusimama mbele yetu na fimbo yake ya kuongozea.

Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka mlango ule. Na nilijua. Hilo ndilo ninalotaka kuandika bila kulipamba. Mwalimu wetu wa kemia, ambaye anatufundisha chini ya kibaraza kwa sababu darasa halina paa, alituandikia ubaoni kwa Kifaransa juu ya ile hewa inayotoka kwenye injini: haina rangi, haina harufu, unalala hujui kwamba umelala. Nilikuwa nimeijibu kwenye mtihani, nikapata maksi zote. Na karatasi ya baba ilikuwa mkononi mwangu, kwenye ukurasa wa Utukufu. Nilikuwa na elimu ya mwalimu na elimu ya baba, zote mbili, na nilikuwa nimesimama naimba alto.

Nilijiambia, baada ya Bwana utuhurumie. Baada ya Bwana utuhurumie nikajiambia, watu wote watageuka. Nikajiambia, baada ya Utukufu, wakikaa chini, nitapita kwa kuinama. Walipokaa chini Papa Prezida alikuwa ananiangalia, kwa sababu niliimba vibaya, na niliona ile sura ya kuuliza kama nataka kukojoa. Nikakaa. Somo la kwanza likasomwa. Kichwa changu kilianza kugonga hapa upande. Wanawake wa mstari wetu walikuwa wanapiga miayo. Moshi kidogo ulikuwa unapita chini ya mlango, pamoja na waya.

Padri alipanda kuhubiri. Alihubiri juu ya ulevi, mahubiri marefu, na kijiji kizima kinaangalia mtu mmoja. Kinanda kilikuwa kimenyamaza, kila mtu amenyamaza, na hapo ndipo niliposikia kitu ambacho hakikuwepo.

Mtoto halii.

Yule mtoto anayelilia mvua, anayelilia mlango ukifungwa, alikuwa ndani ya chumba kimoja na injini inayonguruma, na halii.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka kwamba nilikanyaga mguu wa mtu na kitabu kikaanguka. Mlango ulikwama kwenye waya, nikausukuma kwa bega. Ndani palikuwa na joto la jikoni na ukungu wa rangi ya maji ya sabuni. Yaya alikuwa amekaa chini, ameegemea kabati la mavazi ya padri, kichwa kimeanguka upande, mdomo wazi. Mtoto alikuwa mapajani mwake, amelegea kama nguo. Blanketi lilikuwa limeanza kuungua pembeni.

Baba aliwahi kunionyesha zamani, kwenye mashine nyingine: kila grupu ina kitufe chekundu, kwa sababu hata wajinga wana haki ya kuzima. Nilikibonyeza. Ikakohoa, ikafa. Na katika ule ukimya, kanisa zima, padri, kijiji, korali, wote walisikia sauti ambayo hawakuijua ni ya nani.

“YAYA!”

Ilikuwa yangu.

Nilimchukua mtoto kwanza, nikampa wa kwanza niliyemwona mlangoni, yule mtu wa tenori. Kisha nikamshika yaya chini ya makwapa. Mtu aliyelala hivyo ni mzito kuliko gunia. “Mumubebe inje! Inje, mu mvua!” nilikuwa napiga kelele, na watu wakatii, ndiyo ajabu, wazee wanatii. Tulimlaza chini ya nyaya zile kubwa zinazonguruma, kwenye majani, mvua inampiga usoni. Nilimpiga mashavu. Nilimwita. Katekista wa kijiji alikuwa amempokea mtoto, anampulizia usoni, anamgeuza, anampiga miguu.

Na Papa Prezida akatokea mlangoni, fimbo mkononi. Neno lake la kwanza naliandika hapa ili nisilisahau hata nikizeeka.

“Nani alizima grupu?”

Watu walikuwa wameinama juu ya yaya. Akauliza tena. Yule mtu wa besi, aliyesema siku ile nipishwe nikakojoe, alimgeukia na kumwambia, “Papa, nyamaza kiloko, kidogo tu.”

Yaya alitapika. Sijawahi kufurahi kuona mtu anatapika, lakini nilifurahi. Akafungua macho, akatapika tena, akasema kichwa, kichwa. Kisha akatafuta kwa mikono kwenye majani kando yake, na alipokosa alichokuwa anatafuta akaanza kutoa sauti ambayo sitaki kuiandika. Mtoto alikuwa bado kwa katekista. Midomo yake ilikuwa na rangi mbaya. Katekista alimpulizia tena, akamgeuza tena. Mvua iliendelea.

Kisha mtoto akakohoa, akavuta hewa, akakasirika. Akalia. Akalia kwa hasira yake yote ya miezi miwili, na hakuna wimbo wa korali yetu, na kinanda na kipaza sauti juu yake, uliowahi kupendeza hivyo.

Misa iliendelea bila umeme. Padri alifupisha. Akina mama wa kijiji waliimba nyimbo zao na ngoma, na kwa kweli hawakutuhitaji tangu mwanzo. Mimi nilibaki nje chini ya upenu na yaya, kichwa chake mapajani mwangu. Wengine walikuja kutoa hukumu zao. Mmoja alisema ni malaria. Mwingine alisema ni njaa, mwanamke anayenyonyesha lazima ale. Papa Prezida alikuja mwisho, amejifuta, na bisibisi imerudi mahali pake.

“Ni blanketi,” akasema. “Blanketi ya sufu njo mbaya. Ingekuwa ya pamba, apana shida.”

Blanketi ya sufu!

Mchana mvua ilikatika, tukapakia kurudi. Waliibeba grupu, tanki bado limejaa nusu, wakataka kuilaza pale ilipolala wakati wa kwenda. Na kwa sababu ndani ya kamiyo mahali pa kulala ni pale tu, juu ya magunia, yaya alikuwa amekwisha kulazwa pale. Papa Prezida alisema, “Asogee kiloko, grupu inapita.”

Nilikuwa nimekiokota kitabu changu kanisani. Nikakifungua. Karatasi ilikuwa imelowa pembeni lakini herufi za baba haziogopi maji. Nilipanda kwenye tairi na nikasoma. Sikuangalia mtu. Nilisoma kama tunavyosoma imla shuleni, kwa sauti moja, bila mapambo: kutoa esansi yote mbele ya kupakia. Nikasoma yote mpaka mistari miwili ya mwisho.

“Ile karatasi ni ya nani?” Papa Prezida akauliza.

“Ya baba.”

“Baba yako beko na diploma gani?”

Nilitaka kujibu jambo la kuchoma. Nina majibu mengi sasa, nimekaa siku nne kuyatunga. Lakini pale niliikunja karatasi tu. Dereva ndiye aliyeshuka, akachukua mpira mwembamba na dumu, ile bidoni, akanyonya esansi, akatema, akaitoa yote kwenye tanki, akafunga bidoni na kuiweka mbele kwake. Kisha akaisimamisha grupu wima mwisho wa kamiyo na kuifunga kamba kwenye vyuma. Ilichukua muda wa kuimba nyimbo mbili. Muda huo tu.

Kwenye barieri walikuwa wale wale watatu. Yule mwembamba aliangalia chini ya turubai.

“Muko grupu gani?”

Watu walimwangalia Papa Prezida. Alikuwa amenuna tangu kuondoka, alikuwa amegeuzia watu mgongo. Askari akangoja. Na mimi, ambaye mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka na sikujua tena unafungwaje, nilisema:

“Siye hatuko grupu. Siye tuko bantu tu. Grupu ni ile kule, chini ya blanketi.”

Nilisikia mtu akivuta pumzi. Papa Prezida aligeuka kama aliyechomwa. Askari alikwenda mwisho wa kamiyo, akainua blanketi lenye tundu la kuungua, akaiangalia mashine. Akaita mwenzake. Wakaiangalia wote wawili.

“Hii?” akasema. “Nani ataibeba? Na esansi siye tutaipata wapi?” Akalirudisha blanketi. “Nauliza muko grupu ya parokia gani. Juu mama yangu anaimba.” Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kwa jirani: “Muko na chumvi?”

Akina mama walimpa chumvi kwenye kipande cha gazeti, na bukari, ugali baridi uliobaki, na samaki wawili. Alishukuru kwa mikono miwili. Akainua gogo.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Kwa ajili ya mtu aliyekuwa anatafuta chumvi, walimfungia dada yangu mlango, wakamzibia dirisha. Mtoto tu ndiye aliyesema, alilia kutoka barieri mpaka uwanja wa parokia, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwambia yaya amnyamazishe.

Nyumbani yaya alilazwa kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kitambaa. Habari ilikuwa imetutangulia, Likasi ni hivyo. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, hajavua kofia. Alimshika yaya mkono, akamshika mtoto mguu, akaushika muda mrefu. Kisha akaniuliza mimi jambo moja tu.

“Ile karatasi, ulibasomea?”

“Nilibasomea, baba.”

“Mbele ya kupakia?”

Yaya alifungua macho pale kwenye mkeka, akaniangalia. Yeye ambaye daima anajibu badala yangu, hakujibu.

“Mbele ya kupakia,” nikasema.

Sikusema kupakia gani.

Baba akavua kofia, akatikisa kichwa polepole. “Bantu banasomewa, na banafanya vile,” akasema. “Basi ni bapumbafu kabisa.”

Na mimi nilikubali kwa kichwa.